MR2 Inachemsha Kwenye Foleni: Kabla Hujang'oa Injini

Swali: "Habari mtaalamu. Nina Toyota MR2 ya mwaka 1992, bodi ya SW20, injini 3S-GE isiyo na turbo, gia za mkono. Niliinunua kama mradi wa wikiendi, ilikuwa imelala kama mwaka mzima. Rejeta ilikuwa inavuja, fundi akaweka nyingine. Tangu hapo gari inachemsha. Nikiwa njia ya Bagamoyo mshale unakaa katikati, lakini nikikwama foleni ya Mwenge dakika kumi tu unapanda, mara nyingine unashuka ghafla halafu unapanda tena. Nikizima nasikia maji yanagugumia na chupa ya akiba inatapika. Fundi ametoa themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, anasema kwa joto la Dar haina kazi. Haikusaidia. Akaunga feni moja kwa moja ziwe zinazunguka muda wote. Bado. Sasa anasema gasketi ya silinda hedi imekwenda, bora niweke injini ya RAV4, zipo nyingi na bei yake nafuu. Nimsikilize? Na je, kazi hii naweza kuifanya mwenyewe nyumbani? Spana na jeki ninazo."

Jibu: Ndugu yangu, injini iache hapo ilipo kwanza. Inawezekana gasketi imekwenda kweli, na huko mbele nitakueleza namna ya kulithibitisha hilo kwa kipimo badala ya kubahatisha. Lakini soma tena ulichoandika mwenyewe. Tatizo limeanza siku rejeta ilipobadilishwa. Mshale unapanda na kushuka ghafla. Ukizima, maji yanagugumia. Chupa ya akiba kutapika kunaweza kuwa gasketi, ila hizo nyingine tatu zikikutana kwenye MR2, mtu wa kwanza kushukiwa ni upepo ulionaswa kwenye mfumo wa maji. Na kama ni upepo, ukiweka injini ya RAV4 leo na kujaza maji kwa namna ileile, nayo itachemsha. Rejeta, paipu na upepo wake vitakuwa bado viko kwenye gari.

Kosa linaanzia kwenye mazoea. Gari karibu zote zinazopita gereji zetu zina injini na rejeta jirani kabisa, zimeachana kwa mipira miwili mifupi. Unafungua kifuniko juu ya rejeta, unamimina, unawasha, mapovu yanatoka, unafunga. MR2 haiko hivyo. Injini iko nyuma ya viti, rejeta iko puani, na katikati yake zinapita paipu mbili ndefu za chuma chini ya sakafu, moja ikipeleka maji ya moto mbele, nyingine ikiyarudisha. Mdomo wa kujazia uko nyuma, kwenye chumba cha injini. Maji unayomimina huko yanashuka chini, yanatambaa urefu wote wa gari, kisha yanatakiwa yapande tena mpaka juu ya rejeta. Upepo uliokuwa mbele hauna pa kutokea. Umeshamimina maji kutoka dumu la lita ishirini lisilo na tundu la pili, ukaona linavyogugumia na kukataa kumwaga? Ndiyo hali ya gari yako, ila yenyewe inakataa kujaa.

Ndiyo maana kiwanda kiliweka vali mbili za kutolea upepo chini ya boneti ya mbele: moja juu ya rejeta, nyingine kwenye njia ya maji ya hita, upande wa ukuta unaotenganisha boneti na dashibodi. Ili uzione itabidi utoe tairi la akiba na vifuniko vya plastiki. Fundi ambaye hajawahi kushika MR2 hana sababu ya kujua kama zipo. Atajaza nyuma mpaka maji yafurike, ataona kumejaa, atafunga. Mfumo mzima unameza lita 13 hivi, zaidi ya mara mbili ya Corolla. Kama mlinunua dumu moja la lita 5 na likatosha, jibu mnalo tayari.

Sasa kwa nini inavumilia njia ya Bagamoyo na kushindwa Mwenge? Pampu ya maji inazungushwa na injini yenyewe. Ukiwa kwenye mwendo, injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika, pampu inasukuma kwa nguvu, inaburuta maji kupita kwenye upepo, na hewa ya barabarani inapuliza rejeta bure. Ukisimama foleni, injini inashuka hadi mizunguko 800 hivi. Pampu inakuwa dhaifu, upepo unapanda na kukaa juu ya rejeta, na sehemu hiyo yote ya rejeta haifanyi kazi. Kilichobaki ni feni peke yake.

Na ule mshale unaoshuka ghafla usikufurahishe. Kitambuzi cha joto kinapima maji yaliyokigusa. Maji yakiondoka na nafasi yake ikachukuliwa na upepo, kinaweza kusoma baridi huku chuma cha injini kikiungua. Mshale ukianguka ghafla wakati gari ilikuwa inachemsha, simama na uzime, kama ambavyo ungefanya ukifika kwenye nyekundu.

Kipimo cha bure unachoweza kufanya leo jioni: gari ikiwa imepata moto wake wa kawaida, washa hita hadi mwisho. Najua, hita Dar es Salaam, jasho litakutoka. Lakini ikipuliza hewa baridi au vuguvugu huku mshale uko juu ya katikati, maji hayafiki kwenye hita. Ama yamepungua, ama upepo umekaa hapo, ama kuna mtu alishaiziba njia ya hita kwa kuona haina kazi. Angalia hilo la mwisho kwa macho. Mipira miwili ya hita ikiwa imeunganishwa yenyewe kwa yenyewe, irudishe ilivyokuwa kabla ya kuendelea, maana ile vali ya pili ya upepo iko kwenye njia hiyo.

Kuhusu themostati, hapa fundi wako amekuongezea tatizo. Kauli kwamba nchi ya joto haihitaji themostati imezoeleka mno, lakini joto la Dar la nyuzi 32 si kitu mbele ya injini inayotakiwa kufanya kazi kwenye nyuzi 85 hadi 95. Muhimu zaidi ni jinsi themostati ya injini hizi ilivyoundwa. Ina visahani viwili. Cha juu kinafungua njia ya kupitia rejeta. Cha chini, kwa wakati huohuo, kinaziba njia ya mkato ambayo inarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na maji siku zote hupendelea njia fupi kuliko kusafiri mpaka puani na kurudi. Sehemu ya maji ya moto inazunguka nyuma humohumo bila kupozwa. Kitabu cha ufundi cha Toyota kinasema wazi kwamba kutoa themostati hupunguza uwezo wa kupoza, na kwamba isitolewe hata kama injini inachemsha.

Nunua mpya ya nyuzi 82. Injini ya 3S imesambaa kwenye gari nyingi hapa mjini, RAV4 za zamani, Ipsum, Caldina, kwa hiyo Kariakoo upande wa Gerezani hutakosa. Nenda na ile ya zamani mkononi kama fundi hajaitupa, linganisha kipenyo, urefu, na hakikisha kile kisahani cha chini kipo. Zipo za bei rahisi zisizo nacho, na hizo ni sawa na kutoweka kitu. Kabla ya kuifunga, ijaribu jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji ikining'inia kwa uzi isiguse chini, weka kipimajoto, pasha polepole. Ianze kuachama karibu na nyuzi 82, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Huna kipimajoto? Dar tuko usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Yakitokota na themostati bado imefumba, irudishe dukani.

Ukiifunga, tazama ukingo wake. Kuna kijitundu chenye kipini kidogo kinachochezacheza ukikitikisa. Hicho kinakaa juu. Kazi yake ni kupitisha upepo wakati themostati imefunga. Kikikaa chini, unanasa upepo nyuma ya themostati, na hata ujaze vizuri namna gani utasumbuka. Badilisha na ule mpira wake wa duara, usirudishie wa zamani kwa silikoni.

Feni nazo zinataka dakika chache. Kuunga moja kwa moja si dhambi kubwa kama kazi imefanywa vizuri, yaani kwa relei, waya mnene na fyuzi ya karibu ampea 30. Kilichofanywa mara nyingi ni kuvuta waya kutoka kwenye swichi ya funguo, na hapo unaongeza hatari ya waya kuungua. Lakini kuna jambo baya zaidi ambalo halionekani kwa macho. Feni ya umeme ikigeuziwa waya, chanya na hasi, inazunguka kinyume. Itavuma vilevile, utaridhika, kumbe inasukuma hewa kwenda mbele. Ukiwa kwenye mwendo, hewa ya barabarani inaishinda na rejeta inapoa kidogo. Kwenye foleni, haipoi. Unaona inavyofanana na malalamiko yako? Feni za MR2 ziko nyuma ya rejeta na zinatakiwa kuvuta. Chukua kipande cha gazeti, kiweke mbele ya mdomo wa hewa chini ya bampa gari ikiwa imesimama na feni zinazunguka. Kikinyonywa, sawa. Kikipeperushwa mbele, geuza waya. Jaribu zote mbili, moja moja.

Ukitaka kurudisha mfumo wa kiwanda, na nakushauri hivyo, Toyota nyingi za miaka hiyo zina swichi ya joto ambayo ukichomoa plagi yake, funguo ikiwa imewashwa, feni zinawaka. Zisipowaka, tatizo ni fyuzi, relei, waya au mota. Zikiwaka, njia ya umeme ni nzima, badilisha swichi.

Ukiwa hapo chini, angalia kama plastiki za kuongozea hewa bado zipo. Matuta ya mitaani huzing'oa na gereji hazizirudishi. Zikikosekana, hewa ya moto iliyokwisha kupita kwenye rejeta inazunguka na kuingia tena mbele.

Sasa ile rejeta yenyewe. Kabla ya kununua chochote, fungua boneti ya mbele uangalie vitu viwili. Je, ina vali ya kutolea upepo juu yake? Na je, ina kifuniko cha kujazia? Rejeta halali ya SW20 ina vali na haina kifuniko, kwa kuwa kifuniko kiko nyuma. Ukikuta kifuniko mbele na vali hakuna, umewekewa ya gari nyingine. Gari itatembea, lakini utakuwa na vifuniko viwili vya presha kwenye mfumo mmoja, na kile dhaifu ndicho kitakachoamua. Fundi rejeta mzuri anaweza kuongezea nipeli (kichuchu cha kuchomekea mpira) ya vali juu kabisa ya tanki la rejeta ya shaba. Ya aluminiamu yenye tanki za plastiki, usihangaike nayo, tafuta yenye namba ya SW20.

Kifuniko cha nyuma kibadilishe bila kufikiria mara mbili, ni kitu cha bei ndogo. Kiandikwe 0.9, na kisiwe cha 1.3 kwa kudhani kikubwa ni bora. Mipira ya miaka thelathini haitakushukuru. Kwa presha ya 0.9 maji matupu hayachemki hadi karibu nyuzi 118, na yakichanganywa nusu kwa nusu na kulanti yanapita 125. Kifuniko kilicholegea kinakunyima akiba hiyo yote, na ndiyo sababu nyingine ya chupa kutapika.

Maji gani? Kusema kweli maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko kulanti. Kulanti inawekwa kwa ajili ya kuzuia kutu, kulinda sili ya pampu, na kupandisha kiwango cha kuchemka. Kwenye gari yenye paipu ndefu za chuma, hiyo ya kutu peke yake inatosha kuwa sababu. Hapa hatuna barafu, kwa hiyo sehemu 3 hadi 4 za kulanti katika 10 zinatosha. Nunua ile isiyochanganywa, lita 5, na ujazie maji yaliyochujwa. Maji ya kisima usitumie kabisa: visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi ikichemshwa kila siku inakula aluminiamu ya hedi na kuziba matundu ya rejeta. Maji ya betri yanafaa, lakini soma chupa kwa makini. Kwenye rafu hiyohiyo kuna asidi ya betri, na chupa zinafanana. Wala usichanganye kulanti nyekundu na ya kijani kwa kujaziana. Kama hujui iliyomo, suuza yote.

Kazi yenyewe iko hivi. Gari ilale usiku kucha, uianze asubuhi ikiwa baridi kabisa, kwenye sakafu iliyonyooka. Fungua kifuniko cha nyuma, mwaga maji kwenye rejeta na kwenye plagi za chini ya paipu. Kinga kwenye beseni, usiyaache chini. Kulanti ina ladha tamu na inaua paka na mbwa. Yakitoka na rangi ya kutu, jaza maji safi, mwaga tena, mpaka yatoke meupe. Funga themostati mpya.

Kisha tafuta mpira mwembamba mwangavu, ule ambao mafundi ujenzi wanatumia kupimia levo, vipande viwili vya mita moja na nusu. Uchague unaobana nipeli sawasawa. Chomeka kimoja kwenye vali ya rejeta, kingine kwenye ya hita, vipandishe juu na uvifunge kwenye boneti iliyo wazi, ncha zikitazama juu. Hita iweke kwenye moto wa mwisho ili njia yake iwe wazi. Legeza vali zote mbili mizunguko mitatu hivi, taratibu. Ni za zamani, na ikikatika hapo, kazi imekuwa nyingine. Sasa nenda nyuma umimine mchanganyiko polepole. Rudi mbele utazame mipira: utaona maji yakipanda yakiwa na vipovu vidogo vinavyofuatana kama shanga, yanasimama, yanapanda tena. Minya mipira mikubwa ya maji nyuma na mbele kwa mkono, vipovu vingine vitaruka. Endelea mpaka maji kwenye mipira yote miwili yalingane na usawa wa mdomo wa kujazia na vipovu viishe. Hii ni levo ya fundi ujenzi hasa. Maji yakiwa yameungana bila upepo katikati, lazima yalingane.

Jambo moja watu hukosea: wanainua pua ya gari kwa jeki, kama inavyofanywa kwenye gari za injini mbele. Kwenye MR2 ukiinua pua unazipandisha vali juu kuliko mdomo wa kujazia, na maji hayatazifikia. Iache inyooke.

Funga vali, washa injini kifuniko kikiwa wazi, iache izunguke polepole bila kukanyaga mafuta. Usawa ukishuka, ongeza. Maji yakianza kupata moto na kutaka kupanda, funga kifuniko. Subiri mpaka mpira wa rejeta unaoingia uwe wa moto sana na unaotoka uwe wa moto pia ila kidogo chini ya hapo, na hita itoe hewa ya moto kwelikweli. Zima. Iache ipoe kabisa, saa kadhaa, kisha rudia mipira ile na vali. Karibu kila mara upepo kidogo unatoka tena. Jaza chupa ya akiba hadi alama, zunguka mtaani jioni, kesho yake asubuhi kagua tena. Usifungue vali wala kifuniko injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa. Yale maji yako juu ya nyuzi 100 na yanangoja tu presha iachiwe.

Hesabu lita zilizoingia. Baada ya kumwaga vizuri, sehemu ndogo hubaki kwenye bloku, kwa hiyo zikiingia 11 au 12 uko pazuri. Zikiingia 8, upepo bado upo au hukumwaga yote.

Turudi kwenye gasketi. Baada ya yote hayo, kama maji yanapungua bila kuvuja nje, au mipira inakuwa migumu kama jiwe dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi, au mapovu hayaishi kwenye mdomo wa kujazia, hapo sasa mshuku hedi. Kipimo kizuri ni kile cha dawa ya bluu: unavuta hewa ya juu ya mdomo wa kujazia ipite kwenye dawa, na ikigeuka njano, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Gereji zenye vifaa wanacho. Cha pili ni kupima kompresheni, yaani mgandamizo, ya silinda zote nne. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imeungua katikati yake. Chomoa na kijiti cha oili: ikiwa kama chai ya maziwa, usiwashe tena gari hata mara moja.

Na kama kweli ni gasketi, inatengenezeka. Hedi ipelekwe karakana ya mashine ikapimwe kwa rula ya chuma. Uso wa upande wa bloku ukipinda kupita kiwango cha kitabu cha ufundi, ufesiwe, yaani usawazishwe kwa mashine, kabla ya gasketi mpya. Usikubali kufungiwa hedi isiyopimwa. Pampu ya maji kwenye 3S inazungushwa na mkanda wa taiming, kwa hiyo ukifika huko badilisha mkanda, pampu na bearing za mkanda kwa pamoja. Gari iliyolala mwaka mzima na maji ya bomba ndani, mapanga ya pampu huenda yameliwa na kutu, na mkanda umri wake haujulikani.

Injini ya RAV4 ni 3S-FE. Bloku ni ndugu, lakini hedi ni nyingine, na nguvu yake ni ndogo. Waya, kompyuta, mifumo ya hewa na moshi vyote vitataka kuhangaikiwa. Inafungika, watu wanafanya. Ila utakuwa umeondoa kitu kinachofanya gari hii iitwe ya michezo ili kutibu ugonjwa ambao huenda ni wa mipira miwili ya mita moja na nusu. Ikithibitika injini yako imenoki au bloku imepasuka, tafuta 3S-GE ya mtumba kwanza. RAV4 iwe chaguo la mwisho, na ulifanye ukijua unachopoteza.

Je, unaweza kufanya mwenyewe? Themostati, kifuniko, kipimo cha gazeti, kusuuza na kutoa upepo, ndiyo. Nafasi nyuma ya injini ni finyu, mikono itachubuka, lakini si kazi ya siri. Ukilazimika kuingia chini, jeki peke yake haitoshi. Weka stendi mbili zenye kufunga, na tairi la akiba lilale chini ya bodi kama kinga ya mwisho. Tofali la saruji si stendi, linapasuka bila kutoa taarifa.

Mwite fundi, au ipeleke gari kwa kuibeba, ukikuta moja ya haya: paipu za chini zimeoza kwa kutu, dawa ya bluu imegeuka njano, au unasikia harufu ya petroli unapofanya kazi. Hilo la paipu nalisisitiza. Kwenye SW20 tanki la mafuta limelazwa katikati ya gari, kwenye njia ileile ya paipu za maji. Akija mtu na mashine ya kuchomelea akitaka kuziba tundu la paipu ikiwa palepale ilipo, mkatalie. Paipu ishushwe, ichomelewe mbali au itengenezwe nyingine, kisha irudishwe.

Mpaka utakapomaliza, usiipeleke Mwenge saa za foleni. Ikipanda ukiwa njiani, zima AC, fungua hita yote, tafuta pa kuegesha, zima injini na usiimwagie maji ya baridi. Ipe saa nzima. Na fundi wako usimfukuze. Mwoneshe zile vali mbili chini ya boneti, mfanye pamoja, mmoja akimimina nyuma na mwingine akitazama mipira mbele, maana kazi hii kwa mtu mmoja ni kukimbia huku na huku.